Tulipochapa Wafu wa Nchi ya Baridi

Ninyi vijana mnaokaa pale stendi ya Kyela na simu zenu, mkiweka alama kwenye picha za barabara za Ulaya kwa kampuni ambayo hata mlango wake hamuujui, msije mkadhani ninyi ndio wa kwanza. Juzi mjukuu wangu Atupele aliniambia, "Bibi, siku hizi kazi inakufuata ulipo." Nikacheka. Nikamwambia, "Inakufuata, ndiyo. Na njia ya kuondoka inaijua pia." Hakunielewa. Ndiyo maana nimekaa kuandika haya, ingawa vidole vyenyewe sasa vimekakamaa kama mizizi ya mgomba.

Jina langu ni Tupokigwe. Maisha yangu yote ya kazi nilikuwa mchapaji. Nilianzia chama cha ushirika, kwenye taipureta, mashine ile ya kugonga yenye kengele. Zilipokuja siku za soko huria, wanunuzi binafsi wakaingia na malori na mizani zao, wakafuata kakao na mpunga hadi Ngana na Njisi, na ushirika ukabaki na maghala yanayonukia magunia matupu. Siku moja meneja aliniletea karatasi yenye mwandiko wake, akaiweka mezani bila kunitazama. "Chapa nakala tatu," akasema. Ilikuwa orodha ya wanaopunguzwa kazini. Jina langu lilikuwa la saba. Nilichapa majina yote, na langu nikalichapa bila kukosea herufi, nikampelekea asaini. Mpaka leo sijui kama nilifanya hivyo kwa heshima au kwa kiburi.

Aliyeniokota ni Bi Zuhura. Alikuwa na duka la vitenge pale mjini, mwanamke mnene mwenye sauti laini, wazee wake watu wa Kilwa. Kaka yake alikuwa Dar es Salaam akifanya biashara ya mambo ya kompyuta, mambo ambayo kwetu yalisikika redioni tu. Bi Zuhura aliniita dukani akaniambia, "Mwanangu, nasikia wewe hutazami vidole unapochapa." Nikasema ni kweli. "Basi kesho njoo. Kuna kazi imekuja, inatoka mbali mpaka naona haya kusema inakotoka."

Nieleze jinsi ilivyokuja, kwa sababu hapo ndipo pa kujifunza. Kanisa moja la nchi ya baridi huko kaskazini ya dunia lilitaka vitabu vyake vya zamani, vya ubatizo, ndoa na maziko, viingizwe kwenye kompyuta, ili watu watafute mababu zao. Likampa kazi mtu wa mji wao. Yule akaona vijana wa kwao ni ghali, akampa mtu wa nchi nyingine. Huyo naye akampa kaka yake Bi Zuhura. Kaka yake akapiga hesabu ya pango la Dar, akamkumbuka dada yake aliye Kyela. Kazi ilishuka kama maji ya mto Songwe yanavyotafuta bonde, na bonde tulikuwa sisi. Wenzangu walijivuna kwamba tumechaguliwa. Hatukuchaguliwa. Tulikuwa rahisi. Hatukuwa wabaya wa kazi, la, lakini kilichotuletea kazi ni urahisi wetu, na mtu akishapendwa kwa urahisi ajue siku yoyote atatokea aliye rahisi zaidi.

Chumba chetu kilikuwa nyuma ya duka. Kompyuta sita, wachapaji wanane, feni moja iliyogeuka huku ikilalamika. Vifurushi vya nakala za vitabu vilikuja kwa basi, nasi tukarudisha kazi ndani ya disketi kwa basi hilohilo. Msimamizi alikuwa Mzee Ambakisye, aliyestaafu posta, ambako alikuwa mpiga telegramu. Mtu mrefu, shati limefungwa hadi kifungo cha mwisho hata katika joto letu la Machi. Yeye ndiye aliyetufundisha.

Siku ya kwanza nilidhani sina la kujifunza. Lakini mkono wangu wa kushoto ulikuwa umezoea mashine ya kengele. Mstari ukiisha, mkono unaruka juu wenyewe kusukuma ule mkono wa chuma urudishe karatasi. Kompyuta haina kitu hicho. Nikachapa mstari wa kwanza, mkono ukaruka, ukampiga kofi la sikio msichana aliyekaa kushotoni kwangu. Yule msichana akashika sikio, akaniangalia, akasema, "Dada, mstari wako umeisha au ni mimi nimekukosea?"

Huyo alikuwa Subilaga. Alitoka Busale, kwa wakulima wa mpunga, amemaliza kidato cha nne, amejifunza kuchapa kwa masista. Nilimpiga mara nne zaidi wiki ile. Alihamisha kiti nusu hatua, hakuhama kabisa. Hivyo ndivyo tulivyojuana, na sijapata tena rafiki niliyeanza naye kwa kofi.

Niwape kwanza ufundi, maana wazee husimulia huzuni wakasahau maarifa. Unyevu wa ziwa huota ukungu juu ya disketi kama unavyoota juu ya viatu. Mzee Ambakisye alituagiza tukaange mchele kidogo bila mafuta, tuufunge kwenye kitambaa, tuuweke kwenye debe pamoja na disketi. Mchele unavuta maji yote. Ulifanya kazi vizuri sana mpaka panya walipogundua, nasi tukajua kwamba panya wa Kyela naye anapenda mchele wa Kyela. Tukaongeza pilipili.

Halafu umeme. Jirani yetu alikuwa na mashine ya kusaga. Akiiwasha tu, skrini zetu zinasinyaa, na kama hujahifadhi kazi, imekwenda. Tulijifunza kusikiliza. Kabla ya kuwasha, fundi wake alikuwa anakohoa na kuvuta mkanda, unasikia *shwaa* ukutani. Tukisikia hivyo, vidole vya sote vinakimbilia kuhifadhi. Kuna asubuhi fundi alikuwa na mafua, akakohoa tangu saa mbili mpaka saa sita, nasi tulihifadhi kazi mara nyingi kuliko tulivyochapa.

Na majina yale! Mzee alitubandikia ukutani maneno machache ya lugha yao: amezaliwa, amebatizwa, ameoa, amezikwa. Mengine tulichapa herufi kwa herufi, bila kuelewa. "Macho kwenye karatasi," Mzee alikuwa akisema, "vidole vitajua njia ya nyumbani." Na jambo moja alilirudia kila wiki: "Mashine ikilia, usiinyamazishe. Iulize inalia nini."

Hilo ndilo nililolisikia mara nyingi zaidi, na ndilo nililolivunja.

Kwa kuwa mashine zilikuwa pungufu, mimi na Subilaga tulishirikiana moja. Mimi asubuhi, yeye alasiri. Kulikuwa na daftari la zamu ambalo kila mmoja anasaini, na daftari hilo huambatanishwa na disketi hadi Dar. Kubadilishana zamu kulikatazwa, kwa sababu watu wa huko walitaka kujua kila ukurasa umechapwa na nani.

Basi mwanangu wa mwisho, Ipyana, akashikwa na homa ya mapafu, akalazwa. Asubuhi ndipo daktari anapopita, na mume wangu alikuwa amekwenda kuvuna kakao kwa watu. Nilikuwa nimeshaomba ruhusa mara mbili mwezi ule. Subilaga akaniambia, "Usiombe tena, watasema una udhuru mwingi. Mimi nitakuja asubuhi nisaini jina lako. Wewe njoo mchana usaini langu."

"Mzee je?"

"Mzee anaumwa malaria, wiki nzima haji. Bi Zuhura yuko dukani, akitazama humu ndani anaona migongo tu."

Tukafanya hivyo siku sita. Siku ya kwanza, mchana, basi likaleta kifurushi cha kitabu kipya. Nikakifungua mimi. Juu kabisa kulikuwa na karatasi ya maelekezo kwa Kiingereza. Kwa kawaida Mzee ndiye aliyesoma karatasi hizo kwa sauti, kila neno. Mimi nikaitazama kama unavyotazama mtu unayedhani utamkuta tena baadaye, nikaibana chini ya stabilaiza, lile sanduku la kutulizia umeme, nikaanza kuchapa. Asubuhi iliyofuata Subilaga aliendelea na kitabu cha zamani kilichokuwa hakijaisha, mimi kila mchana nikaendelea na kile kipya.

Ile karatasi ilisema hivi: katika kitabu hiki, karani wa kanisa aliandika mwezi kwanza, kisha siku.

Mnaelewa? Palipoandikwa nne, kisha tisa, mimi niliona tarehe nne mwezi wa tisa. Kumbe ni tarehe tisa mwezi wa nne. Na mashine ilinionya! Kila nilipokuta mwezi wa ishirini na tatu, ilipiga kelele na kukataa. Mimi nilifanya nini? Nikaigeuza tarehe hiyo moja, nikasema moyoni, "Karani huyu alikuwa mlevi," nikaendelea. Mashine ililia, nikainyamazisha. Akili yangu ilikuwa kitanda namba tatu, wodi ya watoto.

Ipyana akapona. Mzee akarudi. Disketi zikaenda. Tukasahau.

Baada ya wiki kadhaa ikaja faksi kupitia posta. Bi Zuhura akaingia nayo chumbani akiwa ameishika kwa ncha za vidole. Akampa Mzee asome. Ilisema kwamba katika kitabu fulani kuna watoto waliobatizwa kabla ya kuzaliwa, na mwanamume mmoja aliyefunga ndoa miezi mitano baada ya kuzikwa. Watu wakaangua kicheko. Mimi nilicheka pia, mpaka Mzee aliposoma jina la kitabu.

Faksi iliendelea. Wenye kazi walitaka jina la aliyechapa, na walitaka aondolewe. Wasipopata, kazi yote ingehamishwa.

Bi Zuhura akafungua daftari la zamu. "Alasiri. Subilaga."

Nilikuwa nimekaa hatua mbili kutoka kwake. Nilimwona Subilaga akiinua kichwa. Hakunitazama. Angenitazama ningesema, ndivyo nilivyojidanganya kwa miaka mingi. Akasema, "Ni mimi, Bi Zuhura. Sikusoma maelekezo."

Akachukua khanga yake iliyotundikwa kwenye kiti, akatuaga mmoja mmoja kwa mkono, hata mimi. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Akasema "Ndaga" kwa Mzee, asante ya kwetu, akatoka kupitia dukani.

Nami nikakaa kimya. Ilikuwa Ijumaa. Nilikaa kimya Jumamosi, nikaenda kanisani Jumapili nikaimba, nikakaa kimya Jumatatu. Nilikuwa na sababu zangu: watoto wanne, mume asiye na kibarua cha kudumu, jina ambalo tayari lilishawahi kuwa kwenye orodha. Kila sababu ilikuwa ya kweli. Sijui kama kuna kitu kinachomfunga mtu mdomo vizuri kama sababu za kweli.

Jumanne, wenzangu walipokwenda kula, Mzee Ambakisye akaniita kwenye mashine yake. Alikuwa amefungua nakala ya ile kazi. Akaweka kidole chake kirefu kwenye skrini, sehemu ya maelezo.

"Unaona nini hapa, baada ya nukta?"

"Nafasi."

"Ngapi?"

Nikahesabu. Zilikuwa mbili. Sisi tuliojifunzia mashine ya kengele tulifundishwa kuacha nafasi mbili kila baada ya nukta. Wasichana waliojifunza baadaye huacha moja. Mle chumbani, mtu wa nafasi mbili alikuwa mmoja tu.

"Nikiwa kwenye telegramu," akasema, "nilimjua mpigaji wa Tukuyu kabla hajataja kituo chake. Siku alipofariki mkewe, nilijua kuna msiba kwa jinsi alivyogonga. Mkono wa mtu haujifichi, mwanangu." Akazima skrini. "Mimi sitasema neno. Nimezeeka, nachelea kumnyang'anya mtu nafasi ya kusema mwenyewe."

Nilikwenda dukani moja kwa moja. Bi Zuhura alikuwa anampimia mteja kitenge. Nikasubiri amalize, nikamwambia yote: hospitali, saini, karatasi chini ya stabilaiza. Alikunja mkanda wa kupimia polepole.

"Ah, Tupokigwe," akasema. "Ungesema Ijumaa, ningefuta jina moja nikaandika jingine. Sasa jina limeshakwenda. Nikiwaambia leo kwamba mlisainiana, watasema madaftari yote ya zamu ni ya uongo. Wote saba mliobaki mtarudi nyumbani."

"Niondoe mimi, umrudishe yeye."

"Nenda kaongee naye. Akikubali, mimi nitajua la kuwaambia, hata kama ni la kunifedhehesha."

Asubuhi yake nilipanda baiskeli ya kukodi hadi Busale. Mvua ilikuwa imefunga barabara, mwenye baiskeli akanishusha njiani, nikaendelea kwa miguu, viatu mkononi. Nikamkuta mama yake uani akianika mpunga. "Ugonile, juba," nikamsalimia. Akaitikia kwa uchangamfu, akanionyesha shambani kwa kidevu. Hakujua kitu. Binti yake alimwambia amepewa likizo.

Subilaga alikuwa ndani ya maji hadi magotini, anapandikiza. Vidole vile vile, haraka vile vile, mche baada ya mche, hatazami. Nikaingia majini na nguo zangu za ofisini.

"Ipyana amepona?" akauliza kabla sijafungua mdomo.

"Amepona."

"Basi."

"Si basi, Subilaga. Nimemwambia Bi Zuhura. Rudi, mimi nitaondoka."

Akanyoosha mgongo. "Watakuuliza saini, wote watafukuzwa. Nililifikiri palepale, dada, kabla hujamaliza kutetemeka. Mimi sina mtoto. Mjomba yupo Karonga, ng'ambo ya mpaka, ana kibanda cha kuchapa barua za watu, ananiita tangu mwaka jana." Akaufuta uso kwa kiwiko, matope yakabaki shavuni. "Lakini nilikukasirikia. Usidhani sikukukasirikia. Si kwa kukosea. Ulinipa mkono kama vile ninakwenda sokoni tu nirudi."

Nililia palepale majini. Hakunibembeleza. Alinipa fungu la miche, tukapandikiza mstari mzima, mimi nikipinda, yeye akinyoosha nyuma yangu. Mwisho wa mstari akauliza, "Na wale watu?"

"Watu gani?"

"Wale wafu. Wamebaki na tarehe mbaya?"

Nikamwambia tumepewa siku chache za kurudia kitabu kizima.

"Nitakuja kurudia," akasema. "Wao hawakutukosea kitu."

Akaja. Siku sita, bila jina lake kwenye daftari lolote. Bi Zuhura alijifanya hamwoni, na kila mchana alileta sinia la wali na usipa, dagaa wa ziwani kwetu, lenye sahani moja ya ziada. Mimi nilisoma karatasi kwa sauti, yeye akachapa. Mwezi kwanza, kisha siku. Sijawahi kufanya kazi kama ile, kabla wala baadaye. Kusoma jina la mtu kwa sauti si sawa na kulichapa kimya. Tulianza kuwafahamu. Tulimjua fundi viatu mmoja aliyebatiza watoto tisa. Tulijua mwaka ambao ugonjwa ulipita kijijini kwao, kwa sababu maziko yalijaa kurasa. Kuna mama mmoja aliyezika watoto watatu ndani ya wiki moja. Niliposoma wa tatu, nikaiweka karatasi mezani. Subilaga aliondoa vidole kwenye kibodi, akaitazama ile karatasi ya mwanamke Mzungu aliyekufa zamani za babu zetu, akasema, "Pole, mama." Halafu akachapa.

Kila alasiri tulitembea pamoja hadi njia ya Busale. Jumamosi, siku ya mwisho, tulipofika njia panda nilimpa mkono, akaukataa. Akanikumbatia kwa nguvu, akanipiga kofi dogo la sikio. "Mstari umeisha," akasema. Akaenda zake. Baada ya mwezi akavuka mpaka pale Kasumulu kwenda kwa mjomba. Aliniandikia barua mbili. Ya pili ilisema wanahamia kusini zaidi, atanipa anwani akifika. Nimeuliza watu wa mabasi, nimeuliza wafanyabiashara wa mchele wanaovuka mpaka, miaka na miaka. Vijana, siku hizi mnatafutana kwenye simu kwa dakika moja. Nimemtafuta na huko, Atupele amenisaidia. Kuna akina Subilaga wengi. Hakuna wangu.

Kazi ilidumu kama miaka miwili zaidi. Kisha ikaja barua, ya heshima sana, kutushukuru. Kazi inahamia nchi ya visiwa huko mashariki, ambako wapo wachapaji wengi na ni rahisi zaidi. Tena wakaomba tuandike kitabu cha maelekezo, kila tulichojifunza, ili wale wapya waanzie tulipoishia.

Chumba kilichafuka. Mmoja wetu alisema, "Tuwaandikie uongo! Waambieni mwezi ni siku na siku ni mwezi, tuone." Wengine wakapiga makofi. Nami, nawaambia ukweli, moyo wangu ulipiga makofi pia. Mzee Ambakisye akafungua kifungo cha juu cha shati, jambo ambalo hatukuwahi kuliona.

"Telegramu ilipokufa," akasema, "waliniomba nimfundishe kijana mashine ya faksi iliyokuja kunizika. Nilimfundisha. Yeye hakuniibia. Aliitwa kazini kama mimi nilivyoitwa. Na huyo wa visiwani ana mama yake anayemsubiri jioni. Andikeni."

Tukaandika. Mchele wa kukaanga tuliuweka, na pilipili yake. Ukurasa wa tarehe niliuomba mimi. Niliandika kwamba mashine ikilia, simama, soma maelekezo kwa sauti, muulize mwenzako. Chini, nisijue kwa nini, nikaandika jina langu na sanduku la posta la Bi Zuhura.

Chumba kikafungwa. Kompyuta zikauzwa, moja ilikwenda shule, nyingine zikachoka stoo. Mzee alifariki masika yaliyofuata, nami ndiye niliyechapa ratiba ya mazishi, kwa nafasi mbili baada ya kila nukta. Mimi nilinunua mashine kuukuu ya kugonga, nikakaa karibu na mahakama nikiwachapia watu barua na mikataba ya mashamba mpaka macho yakachoka.

Siku moja Bi Zuhura akatuma mtu aniite dukani. Kulikuwa na barua yenye stempu ya ndege mwenye mkia mrefu. Ilitoka visiwani, kwa mwanamke aitwaye Teresita. Kiingereza chake kilikuwa kama changu, cha kutafutia maneno mfukoni. Alisema wametumia kitabu chetu, kwamba mchele kwao upo na panya pia wapo. Halafu akauliza: "Wametuambia kazi hii ilikuwa yenu. Baada yake, mlipata nyingine?"

Niliandika jibu mara tatu. La kwanza lilikuwa la uchungu, nikalichana. La pili lilikuwa la uongo, kwamba sote tuna kazi nzuri, nalo nikalichana. La tatu nilisema hivi: kazi ilikuja kwetu kwa sababu tulikuwa rahisi, ikaondoka kwa sababu hiyohiyo, nawe jifunze na kitu kingine wakati bado unayo. Mimi nachapa barua za watu, naishi. Kisha nikamuuliza nilichotaka kujua kuliko yote: anayeshirikiana nawe mashine ni nani? Usingoje aondoke ndipo umjue.

Miezi ikapita. Ikaja kadi ndogo, mistari miwili tu. "Anaitwa Alma. Ananiazima mwavuli, nami sijawahi kumshukuru, leo nimemshukuru."

Hakuandika tena. Nasikia kazi ile nayo haikukaa kwao, ilihamia kwingine, na siku hizi inafanywa na mashine zenyewe, hakuna kidole. Labda na picha zenu za barabara zitafika huko, nanyi mtaombwa kuandika kitabu. Mkiandike vizuri.

Siku kadi ile ilipofika, niliisoma nikiwa nimesimama dukani kwa Bi Zuhura, naye akaniuliza kulikoni, mbona nimejishika sikio. Nikamwambia hakuna kitu. Nikaiweka ndani ya kitambaa, nikatoka nje kwenye jua, na kabla sijafikiri miguu ilikuwa imeshika njia ya Busale, kumwonyesha Subilaga. Nilikwenda mbali kabisa ndipo nikakumbuka.